Jiwe la mjomba lina mstari wa kijani ndani: je, liko hai?

"Marehemu mjomba wangu alikuwa mpishi kwenye kambi ya watafiti huko Antaktiki, upande wa Bahari ya Ross, miaka ya themanini. Alirudi na jiwe la kahawia lenye ukubwa wa ngumi, akasema alipewa na mtafiti mmoja kama kumbukumbu. Limekaa kabatini miaka yote hiyo. Juzi lilianguka, likapasuka. Ndani, karibu na ngozi yake ya juu, kuna mstari mweusi, chini yake mweupe, kisha wa kijani hafifu. Nimesoma kwamba kule kuna viumbe wanaoishi ndani ya mawe, na pia kwamba vijidudu vya kale vilivyoganda vinaweza kuamka na kuleta maradhi. Nina watoto wadogo. Mke wangu anataka nilitupe. Mimi natamani kulinyunyizia maji na kuliweka dirishani nione kama litachipua. Je, liko hai? Lina hatari? Nifanye nalo nini?"

Mungu amlaze pema mjomba wako. Amekuachia kitu ambacho mtu wa fani yangu angekaa nacho mchana kutwa. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo, na nyuma yake naona mvutano wa nyumbani: mama watoto ana hofu, wewe una hamu. Nianze na hofu, maana hiyo haifai kulala nayo. Jiwe hilo halitamwambukiza mtu. Hamu yako ndiyo inayoweza kuleta madhara, na atakayeumia ni jiwe lenyewe. Tafadhali usilimwagie maji.

Kabla ya kueleza sababu, niseme wazi kwamba sijaliona jiwe, na rangi ya kijani ndani ya mwamba si ushahidi wa uhai. Yapo madini mengi ya kijani. Chukua kioo cha kukuza na utazame mambo mawili. Kwanza, je, mistari hiyo inafuata umbo la nje la jiwe, ikipanda na kushuka pamoja na ngozi yake? Madini kwa kawaida hufuata matabaka ya mwamba wenyewe bila kujali jiwe lilivyochongwa na upepo, ila viumbe hufuata mwanga, na mwanga unaingilia juu. Pili, je, yote imo ndani ya sentimita moja kutoka juu? Ukizidi hapo kuna giza, na kijani hakina kazi gizani. Kama majibu yote mawili ni ndiyo, na jiwe ni la mchanga ulioshikamana kiasi kwamba unaona chembe moja moja, basi mpangilio ulioutaja, mweusi, mweupe, kijani, ndio hasa unaojulikana kutoka kwenye miamba ya mchanga ya Mabonde Makavu ya McMurdo. Upande wa Bahari ya Ross ndiko yaliko. Kwa hiyo nitakujibu nikichukulia kwamba ndivyo, nawe ukumbuke kwamba uthibitisho ni wa hadubini.

Mabonde hayo ni sehemu ya ajabu hata kwa Antaktiki. Karibu bara zima limefunikwa na barafu, lakini pale Milima ya Transantaktiki imeizuia isishuke, na upepo mzito unaoporomoka kutoka juu ya barafu unakausha kila kitu. Theluji inayoanguka kwa mwaka, ukiiyeyusha, haifiki milimita 100 za maji, na sehemu kubwa yake hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Wastani wa joto la mwaka chini ya mabonde ni kati ya nyuzi 15 na 30 chini ya sifuri. Robert Falcon Scott alipoyafikia mwaka 1903 aliandika kwamba hawakuona kitu chenye uhai, hata kuvumwani, akaliita bonde alilopita bonde la wafu. (Kuvumwani ni ule ushirika wa kuvu na mwani unaoishi kama kiumbe kimoja, kama madoa ya kijivu au ya manjano unayoyaona juu ya mawe na magome ya miti.)

Hukumu hiyo ilidumu kwa miongo saba. Marekani ilipokuwa inaandaa vyombo vya Viking vya kutafuta uhai kwenye Mirihi, wanasayansi walikwenda kwenye mabonde haya kupima zana na mawazo yao. Norman Horowitz na Roy Cameron walichota udongo, wakaupanda maabara, na baadhi ya sampuli hazikuotesha chochote. Mwaka 1972 waliandika kwamba kuna udongo pale usio na kiumbe. Wolf Vishniac wa Chuo Kikuu cha Rochester hakukubali. Aliona kwamba kisichoota kwenye sahani ya maabara si lazima kiwe hakipo. Huenda umekipa chakula kisichokifaa au joto lisilokifaa. Alirudi kule kujaribu njia zake mwenyewe, na Desemba 1973 alianguka kwenye mteremko katika safu ya milima ya Asgard akafa. Mawe aliyoyaokota yalimfikia Imre Friedmann, ambaye tayari alikuwa amekuta mwani ndani ya mawe ya majangwa ya joto. Ndani ya mawe hayo mlikuwa na uhai. Mwaka 1976 Friedmann na Roseli Ocampo wakatangaza kwamba miamba ya mabonde makavu inakaliwa. Ni mwaka uleule Viking zilipotua Mirihi, jambo ambalo hadi leo linanifanya nitabasamu, maana chombo kimoja kilisafiri mamilioni ya kilomita kuchota udongo wa juu, na huku duniani jibu lilikuwa limejificha milimita chache ndani ya jiwe.

Sasa tuje kwenye dhana inayowapotosha wengi, na naihisi hata kwenye swali lako. Tunadhani kinachowatesa viumbe wa kule ni baridi. Hapana. Baridi wanaimudu. Tando za seli zao zina mafuta yasiyogandamana kirahisi, protini zao zimelegea kiasi cha kufanya kazi penye joto dogo, na ndani yao kuna sukari kama trehalosi inayoshika nafasi ya maji yanapoondoka ili seli isisinyae ikapasuka. Kuna bakteria aliyetolewa kwenye ardhi iliyoganda daima ya Aktiki ya Kanada, Planococcus halocryophilus, anayeendelea kugawanyika kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Kinachowabana ni maji katika hali ya majimaji. Barafu ya mita elfu haina faida kwa seli kama hakuna tone linaloweza kupita kwenye utando wake. Ukishika hilo, mengine yote kuhusu jiwe lako yanaeleweka.

Tazama mambo yalivyo juu ya mwamba wenyewe. Siku ya kiangazi cha kusini jua halizami. Mwamba wa mchanga ulioelekea jua hupata joto hata nyuzi kumi hivi juu ya sifuri huku hewa inayoupita imeganda. Lakini upepo ukipiga, uso unapoa papo hapo. Ukitulia, unapata joto tena. Vipimo vimeonyesha uso wa mwamba ukivuka kiwango cha kuganda mara kadhaa ndani ya saa moja. Hakuna seli inayovumilia kuganda na kuyeyuka kwa kasi hiyo kila siku. Milimita mbili ndani, mabadiliko hayo yametulizwa. Ndiyo maana juu ya jiwe huoni kitu, na ndani kuna kijiji kizima. Theluji kidogo ikianguka juu ya mwamba wenye joto, inayeyuka, maji yanafyonzwa katikati ya chembe za mchanga, na yanabaki humo siku kadhaa baada ya uso kukauka kabisa.

Kuhusu mistari yako mitatu. Mweusi ni kuvumwani: nyuzi za kuvu zenye rangi nzito zimezungushia seli za mwani. Rangi hiyo ni kinga dhidi ya mionzi ya jua, na pia inakusanya joto. Mweupe ni nyuzi za kuvu zisizo na rangi, mahali ambapo asidi zinazotolewa na viumbe zimeyeyusha chuma kilichokuwa kinaupa mwamba ule ukahawia. Kijani cha chini ni mwani wanaoishi kwa kujitegemea, wakiridhika na mwanga mdogo uliobaki. Wakati mwingine huwa pia na sianobakteria, yaani bakteria wanaotengeneza chakula kwa mwanga kama mimea, na katika miamba mingine sianobakteria kama Chroococcidiopsis ndio wenyeji wakuu. Miongoni mwa kuvu weusi wa miamba hiyo wapo jamii ya Cryomyces na mwingine aliyepewa jina la Friedmann mwenyewe, Friedmanniomyces endolithicus.

Kwa nini huko kuvumwani ndio wametawala, wakati ndani ya mawe ya majangwa ya joto sianobakteria ndio wengi? Jibu ni maji tena, na hapa pana kipimo ambacho kitatusaidia kuhukumu kabati lako. Kuvumwani wa ndani ya miamba hii anaweza kuanza usanisinuru kwa kuvuta mvuke tu, hewa inayomzunguka ikifika unyevu wa asilimia 70 hivi. Sianobakteria wa mazingira hayo hayo wanahitaji asilimia 90 au zaidi, yaani karibu maji yenyewe. Kule hewa inafika 70 mara nyingi zaidi kuliko 90. Anayeweza kunywa hewa ndiye anayeshika ardhi.

Hata hivyo, muda wa kufanya kazi ni mchache mno. Ukikusanya saa zote za mwaka ambazo ndani ya jiwe kuna joto la kutosha, mwanga na unyevu kwa wakati mmoja, hupati zaidi ya saa elfu moja hivi. Na katika saa hizo sehemu kubwa ya kinachochumwa hutumika kujikarabati. Makadirio ya muda unaohitajika kwa kaboni yote ya kijiji hicho kubadilishwa na mpya yamevuka miaka 10,000. Unachokiona kama mstari mwembamba kwenye jiwe la mjomba kinaweza kuwa kilianza kabla ya maandishi kubuniwa. Kinakua kwa namna yake: asidi inalegeza saruji inayoshika chembe za mchanga, ngozi ya juu inabanduka kama ganda, na wakazi wanahamia ndani kidogo zaidi. Ukitazama upande wa nje wa jiwe lako, huenda ukaona mabaka meupe katikati ya ukahawia. Hapo ndipo ganda lilipobanduka.

Ulitaja mawe tu, lakini suala la "hai au mfu" limechunguzwa zaidi kwenye udongo, na lazima nipite huko ili jibu langu lisiwe la kubahatisha. Baada ya Vishniac watu waliacha kutegemea sahani za maabara peke yake. Mwaka 2002 Don Cowan na wenzake walipima ATP, ile molekuli ya nishati ambayo seli haiachi kuitumia ikiwa hai, kwenye udongo wa mabonde haya, wakakuta kiasi kinacholingana na mamilioni ya seli kwa gramu. Wapo hata wanyama: mnyoo wa jamii ya nematodi aitwaye Scottnema lindsayae, asiyefika hata milimita moja, ndiye mmoja wa wanyama wakubwa wa nchi kavu kule. Maji yakiisha, anajikunja, anakauka kabisa, na kusubiri.

Na pana jambo lililowashangaza hata wakongwe wa fani. Udongo mwingi wa majangwa haya hauna mwani wa kutosha kulisha bakteria wote waliomo. Wanakula nini? Mwaka 2017 kundi la watafiti, Belinda Ferrari na Chris Greening wakiwamo, lilionyesha kwamba bakteria wa udongo wa Antaktiki ya Mashariki wanachukua hidrojeni na monoksidi ya kaboni kutoka hewani, gesi ambazo hewani ni chembe chache mno, hidrojeni ikiwa karibu nusu ya sehemu moja katika milioni. Wanaziunguza kwa vimeng'enya vyao, wanapata nishati ya kuishi, na baadhi wanaitumia hata kunasa kaboni dioksidi bila kuhitaji mwanga. Mimi naona hili ndilo gunduzi kubwa kuliko yote katika eneo hili tangu 1976, kwa sababu linavunja kanuni tuliyofundishwa wote shuleni kwamba mnyororo wa chakula nchi kavu unaanzia kwenye jani.

Lakini msomaji asidhani kwamba kila punje imejaa uhai. Wako waliotafuta kwa bidii na hawakupata. Katika bonde la juu liitwalo University Valley, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, utafiti uliotolewa 2016 haukupata dalili ya vijidudu vinavyofanya kazi kwenye ardhi iliyoganda, ingawa ndani ya mawe ya bonde hilohilo uhai uliokuwepo ulikuwa unafanya kazi. Karibu na barafu ya Shackleton, kusini zaidi, sampuli zaidi ya mia mbili zilichunguzwa, na sehemu yake, hasa za maeneo ya juu yenye chumvi nyingi, hazikutoa bakteria wala kuvu kwa njia zote zilizotumika. Horowitz hakuwa amepotea kabisa. Pia baridi na ukavu huhifadhi DNA ya viumbe waliokufa zamani, kwa hiyo kupata DNA si kupata uhai. Sisi wa kazi hii tunatofautisha hali tatu: anayefanya kazi, aliyelala akisubiri kama mbegu ghalani, na mabaki tu.

Jiwe lako liko wapi kati ya hizo? Kulala kwao kunaweza kuwa kwa muda mrefu. Katika miaka ya tisini, watafiti walielekeza maji kwenye mkondo mmoja wa mabonde haya uliokuwa umekauka kwa takriban miongo miwili. Utando mkavu wa sianobakteria uliokuwa chini yake ulianza usanisinuru ndani ya siku chache. Kuvu wa Cryomyces wamewekwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa mwaka mmoja na nusu, kwenye ombwe na mionzi, na baadhi ya seli zikarudi zikiwa na uwezo wa kukua. Ukiishia hapo utasema kabati lako ni mahali pa starehe.

Sivyo. Wakiwa wamekauka na kuganda, kemia yao yote inasimama au karibu isimame. Kabatini wana joto la chumba, na kila hewa inapopanda unyevu kupita ile asilimia 70 niliyoitaja, kuvumwani anavuta mvuke na kuamka. Anaamka gizani. Hana mwanga wa kutengeneza sukari, lakini anapumua, na joto linamfanya apumue haraka kuliko alivyozoea. Anakula akiba. Unyevu ukishuka analala, kesho unapanda tena anaamka tena, miaka arobaini. Kwa hoja hiyo nadhani mwani wa kijani, wanaotegemea mwanga, wamekufa wengi wao au wote, na rangi unayoiona ni klorofili iliyobaki. Kuvu wana nafasi nzuri zaidi, na wakiwapo hai watakuwa seli chache ndani ya nyuzi nyingi zilizokufa. Nikilazimishwa kujibu kwa neno moja nitasema "labda", na kuelemea upande wa "mfu".

Turudi kwa mama watoto. Habari za vijidudu vya kale vinavyoamka zina chanzo. Mwaka 2016 kwenye rasi ya Yamal huko Siberia kimeta kiliua maelfu ya kulungu wa kaskazini na mtoto mmoja, na chanzo kinachodhaniwa ni mizoga ya zamani iliyofunuliwa na kuyeyuka kwa ardhi iliyoganda. Lakini kimeta ni ugonjwa wa wanyama wenye damu moto. Kilikuwa ndani ya mzoga kwa sababu kilimuua mnyama huyo. Wakazi wa jiwe lako hawajawahi kukutana na mwili wenye joto. Hakuna mnyama wa namna hiyo anayeishi juu ya ile miamba. Hawana zana za kuvunja kinga za mwili, na wengi wao hawakui kabisa joto likikaribia nyuzi 25, seuze 37 za mwili wa mtoto. Kwetu sisi homa ni ugonjwa; kwao hata joto letu la kawaida ni kifo.

Hatari ninayoweza kuitaja bila aibu ni ya vumbi. Jiwe la mchanga ni silika, na unga wake ukivutwa mara kwa mara huumiza mapafu. Mpasuko mmoja sakafuni si kitu. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, usifagie kukavu. Usilisage, usilikate kwa msumeno ili kuona mstari vizuri zaidi, na watoto wasilifanye la kuchezea wala kulilamba. Mikono ioshwe baada ya kulishika. Kama mtu nyumbani amepata kikohozi kisichoisha au ana kinga dhaifu na ana wasiwasi, aende hospitali kwa sababu ya kikohozi hicho, asisubiri jiwe lichunguzwe. Daktari atatafuta visababishi vya kawaida, na atafanya vyema.

Na maji? Ukilinyunyizia na kuliweka dirishani, ndani ya wiki mbili huenda ukaona kitu kimeota na ukafurahi. Kitakuwa ukungu wa nyumbani kwako. Jiwe limekusanya spora za chumba kwa miaka yote, na sasa limepasuka, kwa hiyo zimeingia hadi ndani. Hao hukua kwa saa. Wenyeji wa jiwe hukua kwa karne. Wageni watakula mabaki ya wenyeji kama mbolea, na ushahidi wote utapotea. Hata bila ukungu, jua la dirishani litalipasha joto jiwe lenye unyevu kupita kiwango ambacho aliyebaki hai angekimudu.

Kulitupa sikushauri, ingawa halitamdhuru mtu jalalani. Kuliacha kabatini kama lilivyo ni njia halali ikiwa unalitaka kama ukumbusho wa mjomba tu. Weka mahali pakavu na penye giza, basi. Ukitaka kumpa mtafiti nafasi ya kujua zaidi, ligandishe. Shika vipande kwa glavu safi, vifunge kwenye karatasi mpya ya alumini, kisha kwenye mifuko miwili iliyofungwa vizuri na kutolewa hewa, viingie kwenye friza, mbali na mlango ambako joto linabadilika. Siku ya kuvitoa, usifungue mfuko hadi vifikie joto la chumba, la sivyo umande utatua juu ya jiwe na utakuwa umelimwagilia bila kutaka. Kipande kidogo zaidi unaweza kukibakiza kabatini kwa ajili ya familia. Mtafiti hahitaji jiwe zima.

Kuna upande wa sheria pia, na nisingependa uusikie kwa mtu mwingine kwa ukali. Itifaki ya Ulinzi wa Mazingira ya Antaktiki, iliyotiwa saini 1991 na kuanza kutumika 1998, inataka kibali kwa kuchukua mimea ya asili ya kule, na katika orodha hiyo kuvumwani, kuvu na mwani wamo. Wageni wa leo huambiwa wasiokote hata kokoto. Eneo la Linnaeus Terrace, katika safu ileile ya Asgard, limelindwa tangu 1985 kwa sababu hasa ya viumbe hawa wa ndani ya miamba, na huingii bila kibali. Mjomba wako alipewa jiwe kabla ya itifaki, na mtu aliyefanya kazi ya utafiti, kwa hiyo sioni kosa la kumhesabia marehemu. Ila usiliuze, na usimpe msafiri alirudishe. Likirudi litakwenda na spora za nyumbani kwako, na hilo ndilo jambo ambalo sheria za kule zinalichukia kuliko yote.

Anayeweza kukupa jibu la uhakika ni mtu mwenye hadubini. Anza na idara ya mikrobiolojia au jiolojia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Kwa kipande chembamba na mwanga wa buluu wataona kama kijani kinang'aa nyekundu, dalili ya klorofili, na kama kuna nyuzi za kuvu katikati ya chembe. Hilo litatosha kuamua kati ya kiumbe na madini. Kujua kama kuna aliye hai kunahitaji maabara inayoshughulika na viumbe wa baridi, na zipo chache. Chuo kinaweza kuwaandikia, au wewe mwenyewe uandikie taasisi ya utafiti wa ncha za dunia ya nchi iliyokuwa inamiliki kambi aliyofanyia mjomba. Piga picha kwanza, weka rula kando ya jiwe, onyesha mpasuko na uso wa nje. Andika pia kila unachokumbuka kutoka kwa mjomba: jina la kambi, mwaka, jina la bonde kama aliwahi kulitaja, na jina la mtafiti aliyempa kama limeandikwa popote kwenye barua au nyuma ya picha zake. Kwa jiwe lisilo na mahali lilipotoka, mtafiti hana la kufanya zaidi ya kulisifu.